Mtani Aliyenyamaza

Kilwa Masoko,
Jumapili, baada ya misa.

Kwako baba yangu mpendwa, Mzee Dominick,

Shikamoo baba. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza umeiitikia kwa kununa. Mimi mwanao Marietha ni mzima, nakula, nalala, na kile kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona kabisa. Natumaini na wewe mwili haujambo, goti limetulia, na mikorosho ya kule bondeni imeanza kutoa maua. Kuhusu moyo wako siulizi. Habari zake ninazo, na ndizo zilizonikalisha chini kuandika.

Mdogo wangu Stefano ameniambia yote. Amesema tangu mlipopata habari kwamba mtani wako Mzee Mfaume wa Mchinga ameanguka kwa kiharusi, chakula unakigusa tu na kukisogeza, na jioni unakaa nyuma ya ghala peke yako. Amesema ulimwamuru aitoe simu yake ndani ya nyumba, eti hutaki kuisikia ikilia, na kwamba unasema ulimi wako umemmaliza mtu. Ulimtania Mfaume kwamba amekufa, na siku ileile akaanguka. Sasa umeapa hutamtania mtu tena, na kwenda kumwona mgonjwa hutaki, kwa kuwa huna uso wa kumtazama.

Ndiyo maana nimeshika karatasi na kalamu kama mtu wa zamani. Barua hii nimempa Debora anayekuja huko kumuuguza shangazi yake, naye nimemsihi akukabidhi mkononi. Isome mwenyewe, baba, kwa miwani yako. Stefano usimpe akusomee. Stefano akimsomea mtu huruka mistari, na muda si mrefu utaona alichoruka.

Kwanza pokea hili: Mzee Mfaume yu hai, ametoka hospitali, yupo kwake Mchinga na anakunywa uji. La pili ni kwamba ulimi wako haukumwangusha. Ulimi wako ndio uliomwokoa. Najua hapo umeivua miwani ukasema huyu mtoto ananibembeleza. Ivae tena, tafadhali. Ili uniamini, yanipasa nikueleze habari za yule kijana wa ofisini kwetu.

Yule unayempenda, baba. Yule anayepokea ujumbe wako kwenye namba ya kampuni, anayekuamkia vizuri kabla ya neno lingine lolote, anayekumbuka kuuliza hali ya goti. Stefano huandika unayomtajia, kijana hujibu, Stefano hukusomea. Wakati wa mavuno ulinitumia mfuko wa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ukasema nimpelekee yeye, na kwa shangazi ukatamka kwamba kijana mwenye adabu namna ile, kama hajaoa, basi ukoo wake uulizwe. Shangazi alinipigia simu akicheka hadi akakosa pumzi. Ming'oko ile nilikula mimi. Nakuomba radhi, lakini yeye asingeweza kuila, kwa sababu kijana yule si mtu. Ni mashine.

Na hakukuficha. Katika jibu lake la kwanza kabisa alikuandikia waziwazi kwamba yeye ni programu ya kompyuta iliyowekwa kufanya kazi za ofisi, na kwamba ukitaka kuzungumza na binadamu niko mimi. Mstari huo ndio Stefano alioruka. Aliona unafurahi, akaona haya kukukatisha, kisha siku zikapita na mambo yakawa makubwa kuliko yeye. Usimchape. Ni mtu mzima sasa, ana watoto.

Mashine hii aliileta bosi wetu, mama Rosemary. Wewe unakumbuka kazi yangu ilivyokuwa. Kampuni yetu inanunua pweza na samaki vijijini kuanzia hapa Kilwa hadi upande wa Lindi, na kila kijiji kina mpokeaji wetu anayeshika mizani, kama Mzee Mfaume kule Mchinga. Mimi ndiye niliyekuwa napanga barafu na gari. Nilikuwa na simu moja sikio hili na nyingine sikio lile, huku napigiwa kelele na mnunuzi wa Dar es Salaam, kule dereva ameenda kijiji ambacho bahari imechafuka na hakuna hata mkia wa samaki. Barafu ilikuwa inayeyuka barabarani na mimi nayeyuka ofisini. Kwa hiyo mama Rosemary aliposema anatafuta msaidizi wa kompyuta atakayefanya kazi hizo mwenyewe bila kusukumwa, niliogopa, sitakuficha. Usiku niliwaza kwamba sasa nitarudi mlimani kupalilia ufuta.

Sikurudi. Kazi yangu imegeuka tu: yeye anafanya, mimi namtazama. Asubuhi, kabla sijafika, ameshaangalia maji yatakupwa saa ngapi, ameshawaandikia wapokeaji wote kuwauliza wanatazamia nini, ameagiza barafu Lindi, amempangia dereva wetu Maftaha njia ya kupita, na amemjulisha mnunuzi mzigo utafika lini. Akiona jambo limeharibika anatafuta njia nyingine mwenyewe. Kuna mipaka aliyowekewa, na akiifikia anasimama na kuuliza. Sisi ofisini tunamwita Mwenzetu. Maftaha alianza kumwita hivyo kwa kejeli, kwamba "mwenzetu halali, hali, wala haendi chooni", na jina likamganda. Siku hizi nakula chakula cha mchana nimekaa, baba, kwenye kiti, kama watu wengine.

Lakini mwanzoni Mwenzetu alikuwa mgeni kweli, na aliyemwonyesha ugeni wake ni wewe. Wakumbuka ule ujumbe wako wa kwanza, uliposema tahadharini na Mfaume, ni mwizi wa vichwa vya pweza, amerithi wizi huo kwa baba yake? Zamani ujumbe kama huo niliupokea mimi, nikacheka, nikamfikishia Mzee Mfaume, naye akarudisha tusi lenye uzito uleule. Safari hii aliupokea Mwenzetu. Agizo la mama Rosemary ni kwamba mpokeaji akituhumiwa wizi anasimamishwa kwanza, ndipo mambo yachunguzwe. Basi Mwenzetu akamsimamisha Mzee Mfaume, na wewe akakuandikia kwa heshima zote kukuuliza kama ulishuhudia wizi huo kwa macho yako, na wizi wenyewe ulitokea wapi. Ukamjibu kwamba umeushuhudia tangu enzi za mababu, na kwamba vichwa vyenyewe bado vimo tumboni mwa Mmachinga huyo, apasuliwe. Mwenzetu akashindwa kabisa. Akaniletea mimi yale maandishi, akasema ushahidi huu hauelewi.

Nilicheka mpaka mama Rosemary akatoka ofisini kwake kuja kuangalia kuna nini. Kisha nikakaa nikamweleza utani ni nini. Nilimweleza kwamba Mmatumbi kama wewe na Mmachinga kama yeye katika familia zetu hizi wanatukanana kwa haki, na kwamba anayekasirika ndiye mwenye makosa. Nilimsimulia msiba wa bibi, jinsi Mzee Mfaume alivyopanda mlima wote ule kutoka pwani, akajilaza ndani ya kaburi lililokwishachimbwa, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana marehemu alimnyima mboga enzi za uhai wake. Na wewe, uliyekuwa hujasema neno tangu bibi afumbe macho, ukacheka pembeni ya kaburi huku machozi yanakutoka. Nilimwambia hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Mwenzetu aliuliza maswali mazuri, baba. Aliuliza kama utani unarithiwa, kama mwanamke naye anaruhusiwa, kama kuna tusi lililokatazwa. Halafu akauliza: na mtani akitukanwa asijibu, maana yake nini? Nilikuwa na haraka, nikamjibu bila kufikiri sana kwamba mtani hanyamazi, akinyamaza ujue ana jambo. Nikaendelea na kazi zangu, hata nikasahau kwamba nilisema.

Hapo akamrudishia Mzee Mfaume kazi yake, akamwomba radhi, na matusi yenu akawa anayapeleka na kuyaleta kama posta. Mzee Mfaume alijua anaongea na nani, nami niliwahi kumsikia akimwambia Maftaha kwamba mashine ile ina adabu kuliko Wamatumbi wote waliowahi kuumbwa.

Sasa nikupeleke kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya kufungua mwamba Mchinga. Unajua wanavyofanya, wanaufunga mwamba miezi mitatu pweza wakue, kisha siku moja ya bamvua kubwa, maji yanapokupwa mbali, unafunguliwa na kijiji kizima kinashuka baharini. Wanawake wanangoja siku hiyo kuliko sikukuu, kwa sababu pweza wa asubuhi moja ndiyo sare za shule na bati la nyumba. Barafu isipofika siku hiyo, jasho lote linanuka mchana uleule. Bi Esha, mke wa Mzee Mfaume, alikuwa mwambani na wenzake. Wazee wenye uwezo wa kutembea walikuwa ufukweni kutazama. Mzee Mfaume alibaki nyumbani peke yake ajiandae, kwa kuwa mizani hushikwa baada ya maji kurudi.

Asubuhi ile ndipo ulipotuma salamu zako: kwamba Mfaume amekufa usiku kwa ulafi, kwamba barafu tunayopeleka iwe ya kumhifadhia yeye, na kwamba unakuja kumzika baada ya kushiba. Baba, ulikuwa utani mzuri. Niliusoma nikakohoa chai.

Agizo la kampuni ni kwamba mpokeaji asipokuwepo, gari ligeuzwe liende kijiji kingine chenye mpokeaji. Mashine ya kijinga ingeamini ujumbe wako, ingegeuza gari, na kina mama wa Mchinga wangelia. Mwenzetu hakugeuza. Alijua ni utani, akamfikishia Mzee Mfaume kama kawaida, na barafu ikaendelea na safari. Hapo kazi ilikuwa imekwisha, kwa mtazamo wangu.

Baada ya muda akaniandikia. Alisema Mzee Mfaume amepelekewa tusi na hajajibu. Alisema kwa kawaida hujibu hata kabla chai yake haijapoa, na leo ujumbe haujafunguliwa. Aliomba ruhusa Maftaha, aliyekuwa ameshatoka Lindi na barafu, apite kwanza nyumbani kwa mzee badala ya kwenda moja kwa moja ufukweni. Nikamjibu kwamba aache, leo ni siku ya mwamba, mzee yuko kwenye shughuli zake. Nilikuwa bado nacheka.

Akaomba tena. Alisema uamuzi ni wangu na ataufuata, ila kuna jambo anataka nilikumbuke kabla sijaamua. Akaniandikia maneno yangu mwenyewe: kwamba mtani hanyamazi, akinyamaza ujue ana jambo.

Kicheko kilinikatika, baba. Nilipiga simu ya Mzee Mfaume mwenyewe, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ndipo nikamwambia Mwenzetu apitishe gari nyumbani, na upesi.

Maftaha alimkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Mdomo ulikuwa umepinda upande, mkono mmoja haunyanyuki, macho yanamwona lakini neno halitoki. Simu ilikuwa juu ya meza, mbali na mkono wake. Maftaha alishusha barafu yote kwenye kibaraza, akambeba mzee akamlaza kiti cha mbele, akageuza gari kuelekea Lindi.

Nami ofisini sikujua nianze na lipi. Mwenzetu alikuwa ameshaanza. Hospitali ya Lindi alikuwa ameshawaarifu kwamba anakuja mgonjwa anayeelekea kuwa na kiharusi, na saa aliyotujibu mara ya mwisho akiwa mzima. Mpokeaji wa kijiji jirani alikuwa njiani kuja kushika mizani. Ile barafu iliyokuwa kibarazani alikuwa amepata watu wa kuipeleka ufukweni kwa mkokoteni, na nyingine ikawa inakuja kutoka Lindi kwenye basi dogo la abiria, kwenye magunia, pamoja na kuku na wanafunzi. Mimi aliniachia kazi moja tu. Alisema Bi Esha atakapotoka mwambani lazima ajulishwe na mtu anayemfahamu, kwa sauti, na kwamba jambo hilo yeye haoni vyema alifanye. Nikampigia mwalimu mmoja wa pale, akampelekea simu Bi Esha ufukweni, nikamwambia mimi. Sitasahau. Lakini nashukuru niliambiwa niifanye mimi.

Hakuna pweza hata mmoja aliyeharibika siku ile.

Daktari alimwambia Bi Esha kwamba mzee amewahishwa, na kwamba kama angekutwa pale sakafuni jioni, baada ya watu kurudi kutoka baharini, wangezungumza mengine. Sasa fikiri na wewe, baba, kama unavyofikiri vizuri ukiwa umeshiba. Kijiji kizima kilikuwa baharini. Nani angejua Mfaume hajibu, kama hakuna aliyemsemesha? Wewe peke yako ndiye uliyembishia hodi asubuhi ile. Kiharusi kilikuwa kimeshamwangusha kabla ujumbe wako haujafika. Bi Esha anasema maji ya kunawia uso yalikutwa bado yamejaa kwenye kopo. Ungenyamaza kwa adabu kama unavyotaka kunyamaza sasa, tungekuwa tumeshasoma hitima.

Nakwambia haya yote, na bado sijakwambia lililonifanya niandike. Nilidhani habari zako ziko salama. Nilikuwa nashughulika na mgonjwa na barafu, na sikuuliza. Wala Stefano hakunipigia wala kufungua ujumbe wa ofisi, kwa kuwa ulimkataza. Aliyempigia yeye ni mimi, nami nilisukumwa.

Mwanzoni mwa wiki hii Mwenzetu aliniandikia jambo lisilohusu barafu. Alisema Mzee Dominick hajatuma tusi lolote tangu siku ya kufungua mwamba. Alisema amemwandikia kumjulia hali, na ujumbe haujafunguliwa. Akasema hajui kama ni msimu wa shamba, au mtandao, au jambo jingine, na kwamba hana gari linalopita milimani huko. Halafu akaniuliza kama yupo mtu wa kupita nyumbani kwake.

Niliyasoma maneno yale mara mbili. Mimi ni mwanao wa kumzaa, na aliyetambua kwamba umenyamaza ni mashine ya ofisini. Niliona aibu, kisha nikaona furaha, kisha nikalia kidogo, ndipo nikampigia Stefano.

Basi mtu wa kupita nyumbani kwako ni mimi, baba. Mama Rosemary amenipa ruhusa. Barua imetangulia, nami nafika Alhamisi, na Ijumaa tunashuka wote Mchinga. Kanzu yako ya kwenda msibani vaa hiyohiyo, maana mgonjwa anakutarajia kwa shughuli hiyo. Maneno yanamtoka polepole, moja moja, na mguu anauburuta, lakini juzi alipouliza kwa nini hujaja na Bi Esha akamweleza hofu yako, alikunja uso, akahangaika na mdomo mpaka akamaliza. Alisema huyo mla ming'oko hata kuzika hajui. Ametangaza msiba kwa watu, maiti imekaa inangoja, mzikaji hajatokea. Bi Esha anasema hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyoyasema tangu aanguke, na baada yake alicheka kwa upande mmoja wa uso. Daktari amesema mazoezi ya kusema ndiyo dawa. Sasa nani atamfanyisha mazoezi hayo, kama si wewe?

Mwambie Stefano airudishe simu yake ndani, na kabla sijafika mtajie tusi moja, jipya. Aliandike kama lilivyo, bila kuruka neno.

Nisalimie shangazi, mwambie posa imevunjika. Nisalimie mke wa Stefano na watoto, na padri ukimwona. Maftaha anakuamkia, mama Rosemary anakusalimu, na Mwenzetu anauliza goti. Mzee Mfaume hakusalimu. Ameniagiza kwa simu ya Bi Esha nikuandikie hivyo hasa, kwamba hakusalimu, na hakuruhusu simu ikatwe mpaka nikaahidi.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Marietha